Biashara ni ndogo, lakini sheria za kazi zakuhusu

Ikiwa una duka, saluni, gereji, kibanda cha chakula au kinu cha kusaga unga, na yuko mtu hata mmoja unayemlipa ili akusaidie kazi, tafadhali usiupite ukurasa huu. Najua wengi mmezoea kusoma hapa habari za kisukari na shinikizo la damu, na huenda ukauliza daktari anatafuta nini katika mambo ya mawakili. Jibu ni kwamba sheria za kazi humfikia daktari kabla ya kumfikia hakimu. Mtu akikatwa kidole na msumeno hapelekwi mahakamani kwanza, bali huletwa kwetu. Na ni hapo ndipo mwajiri, akiwa amesimama mlangoni huku jasho likimtiririka, hugundua kwamba hajui ni sheria ipi inamhusu na ipi haimhusu.

Nimeyaona haya kwa miaka mingi katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambako karakana na nyumba za kupanga zimepakana ukuta kwa ukuta. Mwajiri huuliza mambo mawili. La kwanza ni matibabu yatagharimu pesa ngapi. La pili ni ikiwa kadi ya SHA ya huyo kijana haiwezi kulipa. Ni nadra sana kumpata anayeuliza lile swali ambalo lingemfaa zaidi, yaani kisheria anatakiwa kufanya nini, na kumfanyia nani.

"Mimi si kampuni"

Hili ndilo neno ninalolisikia kila mara. Mwenye karakana ya kuchomelea vyuma huniambia kwamba sheria za usalama ni za viwanda vikubwa vya Eneo la Viwandani, na kwamba yeye ana vijana watatu tu chini ya mabati. Mama mwenye hoteli ndogo husema yeye hana wafanyakazi, ana "wasichana wa kunisaidia" tu. Ukimuuliza kama anawalipa, hujibu kwamba ndiyo, kila Jumamosi.

Wazo hili lina asili yake. Sheria ya Viwanda, iliyojulikana kama Sura ya 514, ilianza katika enzi ya ukoloni, mwaka wa 1951, na ilikuwa kweli ni ya viwanda. Mwaka wa 1990 ilipanuliwa ikaitwa Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi. Kisha mwaka wa 2007 Bunge likapitisha sheria tano za kazi kwa pamoja, na ile ya zamani ikafutwa, mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Hii mpya haikutaja ukubwa wa jengo wala idadi ya mashine. Inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, iwe ni kwa muda au kwa kudumu. Kibanda cha mabati ni mahali pa kazi. Jikoni nyuma ya hoteli ni mahali pa kazi. Hata kliniki yangu, yenye muuguzi, karani, msafishaji na mlinzi wa usiku, ni mahali pa kazi, nami ninafungwa na sheria ile ile inayomfunga mwenye kiwanda cha saruji kule Athi River.

Kwa hivyo ukitaka kujua sheria zipi zinakuhusu, usianze na jina lililoandikwa kwenye kibao chako wala leseni uliyopewa na kaunti. Anza na watu. Nani anafanya kazi kwako, unamlipa kwa njia gani, amekuwa nawe kwa muda gani, na kazi hiyo inaugusaje mwili wake? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, sheria zitajipanga zenyewe mbele yako.

Mmoja anatosha

Sheria ya Ajira ya 2007 huanza kazi pindi unapomwajiri mtu mmoja. Haijalishi kama mliandikiana au mlipatana kwa mdomo, kwani mapatano ya mdomo nayo ni mkataba. Tena, mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandika. Yaya anayelea watoto wako nyumbani yumo. Kijana unayemfundisha ufundi huku ukimpa chochote cha kujikimu naye yumo, kwa kuwa sheria inamtaja mwanagenzi waziwazi.

Upo mlango mdogo wa kutokea. Sheria hiyo haimhusu mwajiri na watu wanaomtegemea ikiwa ni hao tu wanaofanya kazi katika biashara ya familia. Kwa mfano, wewe, mkeo na watoto wenu mnaendesha kinu cha unga pale Kawangware. Hapo Sheria ya Ajira haiwagusi. Lakini siku utakapomchukua kijana wa jirani abebe magunia kwa mshahara, mlango huo umefungwa. Na hata kabla ya kijana huyo kuja, Sheria ya Usalama haikuwahi kutoa ruhusa kwamba mkanda wa mashine uzunguke bila kifuniko kwa sababu tu mkono utakaokatwa ni wa mwanao.

Sasa tuje kwa ugonjwa, maana hapa ndipo mimi na waajiri hukwaruzana. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo anastahili, katika kila miezi 12, siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku nyingine saba kwa nusu mshahara. Anachotakiwa ni kukujulisha mapema iwezekanavyo, na kukuletea cheti kutoka kwa daktari au kwa msimamizi wa zahanati. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kuna amri za mishahara za sekta mbalimbali, kama vile kilimo, ujenzi, hoteli na ulinzi, na kuna mapatano ya vyama vya wafanyakazi. Ikiwa mojawapo inampa mfanyakazi zaidi ya vile Sheria ya Ajira inavyompa, yeye anapata kile kilicho bora. Hili waajiri wengi hawalijui. Wanashikilia zile siku saba kana kwamba ni Msahafu, kumbe biashara yao imo katika sekta yenye masharti yake.

Kwa maoni yangu siku hizo 14 ni chache mno, na nasema hivi nikijua kwamba nami ni mwajiri. Mchukue mgonjwa wa kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida ni ya miezi sita. Habari njema ni kwamba baada ya takriban wiki mbili za kumeza dawa ipasavyo, wagonjwa wengi hawaambukizi tena na wanaweza kurudi kazini nguvu zikirejea. Lakini wiki hizo mbili za mwanzo ndizo zote alizo nazo kwa mwaka mzima! Akipata homa ya malaria mwezi wa tano, amekwisha. Matokeo yake ni kwamba vijana huficha kikohozi, huendelea kukohoa katika chumba kimoja na wenzao wanane wanaoshona nguo, na mwenye karakana aliyefikiri ameokoa mshahara wa wiki mbili hujikuta na wagonjwa watatu.

Mwajiri mwema anaweza kutoa zaidi ya sheria. Hakuna kifungu kinachomkataza. Na ikiwa ugonjwa umemfanya mtu asiweze kazi kabisa, bado huwezi kumwambia tu asirudi kesho. Sheria inakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake aliyemchagua, na umsikilize kabla ya kuamua. Ukikosea hatua hiyo, mahakama inaweza kukuamuru umlipe hadi mishahara ya miezi 12.

Jambo jingine ni cheti chenyewe. Mwajiri hunipigia simu akidai nimwambie mfanyakazi wake anaugua nini. Siwezi. Cheti kinasema mtu huyu hawezi kazi kuanzia siku hii hadi siku ile, na inatosha. Habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeziweka katika kundi la habari nyeti. Ikiwa una shaka kwamba cheti ni cha kughushi, uliza kama kilitoka hospitali hiyo kweli. Hilo ni swali halali.

Kibarua wa miaka miwili

Katika kliniki nimekutana na "vibarua" waliofanya kazi mahali pamoja kwa miaka miwili au mitatu, wakilipwa kila jioni. Mwajiri huamini kwamba madhali analipa kwa siku, hana deni lingine. Hapa amekosea sana. Kibarua kwa mujibu wa sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akishafanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu kwa jumla, sheria inamhesabu kuwa ni mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Akitimiza miezi miwili mfululizo, anastahili masharti sawa na wale wengine: siku za ugonjwa, siku 21 za likizo kila mwaka, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na ikiwa ni mwanamke, miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Baba naye ana wiki mbili.

Kwa nini daktari ajali? Kwa sababu kibarua ndiye anayeletwa akiwa amechelewa. Jeraha la Jumatatu huletwa Ijumaa likiwa limeoza, kwa vile alijua kwamba kutokuja kazini ni kulala njaa. Mguu ambao ungetibiwa kwa mishono minne na sindano ya pepopunda huishia kulazwa hospitalini.

Jeraha si la SHA

Sasa nirudi kwa yule mwajiri aliyesimama mlangoni akiulizia kadi. Hazina ya NHIF, iliyoanza mwaka wa 1966, ilivunjwa, na tangu Oktoba 1, 2024 wafanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wao kwa ajili ya bima mpya chini ya SHA, kiwango cha chini kikiwa ni Sh300 kwa mwezi. Mfanyakazi peke yake ndiye anayekatwa. Mwajiri kazi yake ni kukata na kuziwasilisha pesa hizo kabla ya tarehe tisa ya mwezi unaofuata, bila kuongeza senti yake. Hebu tafakari basi: unapotumia kadi hiyo kutibu mkono uliokatwa na mashine yako, unalipa kwa pesa za yule yule aliyekatwa.

Jeraha la kazini lina sheria yake, nayo ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Haisemi kila kampuni, inasema kila mwajiri. Inamtaka pia alipe gharama zinazofaa za matibabu: daktari, hospitali, upasuaji, dawa, usafiri, na hata mguu au mkono wa bandia pale unapohitajika. Ajali inayompata mfanyakazi akisafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa gari la mwajiri nayo huhesabiwa kuwa ya kazini. Wenye malori madogo ya ujenzi wanaobeba watu nyuma pamoja na mawe watilie maanani hilo.

Tufanye hesabu kidogo. Mfanyakazi akifa kutokana na ajali ya kazini, au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 96. Kijana anayepata Sh15,000 kwa mwezi ni Sh1,440,000. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia, kulingana na kiungo kilichopotea. Je, karakana yako ina akiba ya milioni moja na laki nne? Ikiwa haina, basi bima si anasa. Waajiri wengi huona malipo ya bima kuwa ni pesa zinazotupwa. Mimi nimewaona wanaouza mashine zao ili kulipa, na mashine zikishauzwa, wale vijana wengine waliobaki wazima hukosa kazi pia.

Wapo wanaopendelea kumaliza mambo kienyeji. Humpa majeruhi elfu tano, humwambia pole, na kumsafirisha nyumbani Kakamega au Kitui akapumzike. Huku ni kujidanganya. Mfanyakazi ana miezi 12 ya kudai tangu siku ya ajali. Na si lazima aende kortini kuanza. Mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Hakuna haja ya wakili ili kujaza fomu.

Kuhusu fomu, ni ile ya DOSH 1, ambayo wakongwe wangali wanaiita LD 104. Mwajiri hujaza sehemu yake, daktari hujaza yake akionyesha jeraha na kiwango cha ulemavu. Mwajiri anatakiwa kuiarifu idara katika siku saba. Mtu akifa, arifa ya kwanza ni katika saa 24. Nawaomba waajiri wasimwombe daktari aandike kwamba mtu aliumia nyumbani. Tumeombwa hivyo mara nyingi, na kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba tunaombwa chumvi. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya mtu haki yake kwa kalamu.

Kazi inamgusa mwilini wapi?

Hadi hapa nimezungumzia ajali, ambayo huonekana. Lakini kazi nyingi huumiza polepole, na Sheria ya Usalama inakutaka uyajue madhara ya kazi yako kabla hayajatokea. Fundi wa kuchomelea asiyevaa miwani maalumu hulala vizuri jioni, kisha huamka usiku wa manane akihisi macho yamejaa mchanga, yanatiririka machozi na hawezi kutazama taa. Mara moja hupona kwa siku moja au mbili. Akirudia miaka kumi, hilo ni jambo jingine. Mpaka rangi wa magari anayefunga mdomo kwa kitambaa anavuta mvuke ule ule, kwani kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Mchonga mbao hupata mafua yasiyoisha na kikohozi kinachopungua Jumapili na kurudi Jumatatu. Ukisikia kikohozi kinachojua kalenda, tazama mahali pa kazi.

Kelele nazo zina kanuni zake, za mwaka wa 2005. Mfanyakazi asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Huna kifaa cha kupimia? Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako karibu na kinu. Ikiwa ni lazima upige kelele ili akusikie, masikio yenu yamo hatarini. Sikio lililokufa kwa kelele halina dawa, na kifaa cha kusaidia kusikia ni ghali kuliko vizibo vya masikio vya mwaka mzima.

Vifaa vya kinga, kama vile glavu, viatu, miwani na kofia, vinatolewa na mwajiri pale ambapo kazi ina madhara. Aidha, mahali pa kazi panatakiwa pasajiliwe na Idara ya Usalama na Afya Kazini, pakaguliwe na mtaalamu angalau mara moja kila mwaka, na pawe na sanduku la huduma ya kwanza. Nimeyafungua masanduku hayo nikakuta wembe, betri za redio na panadol mbili zilizopitwa na wakati.

Sheria hii pia haiangalii ni nani anayemlipa mtu. Mlinzi wa usiku aliyeletwa na kampuni ya ulinzi mshahara wake ni wa kampuni hiyo, lakini anakanyaga sakafu yako na kupumua hewa yako. Mwenye jengo ana wajibu kwa wote wanaofanya kazi humo. Waya ulio wazi hauulizi mtu ameajiriwa na nani.

Katika kliniki yangu hatari kubwa ni sindano. Msafishaji akichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze upesi, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B inatakiwa itolewe mapema, wala si baada ya ajali. Ni muuguzi pekee anayekumbukwa katika kliniki nyingi, kumbe anayebeba mfuko wa taka ndiye anayechomwa.

Biashara yako ikikua hadi watu 20, mambo mawili yanaongezeka. Unahitaji kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na unahitaji sera iliyoandikwa dhidi ya dhuluma za kimapenzi kazini. Lakini usinielewe vibaya. Dhuluma hizo ni haramu hata kwa mwenye mfanyakazi mmoja. Kile kinachosubiri watu 20 ni maandishi tu. Napenda kusema, na wanasheria wanaweza kunipinga, kwamba idadi hiyo iliwekwa juu mno. Saluni yenye wasichana sita na mwenye duka mmoja asiye na adabu inahitaji maandishi hayo kuliko benki.

"Mpime kila kitu"

Nimalizie na wale wanaotuletea watu kabla ya kuwaajiri. Barua huja imeandikwa: "Mpime kila kitu." Ukiuliza kila kitu ni nini, utaambiwa kwa kunong'onezwa kwamba ni ukimwi, na kwa wasichana, ujauzito. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate kazi. Sheria ya Ajira nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya virusi, ujauzito au ulemavu. Majibu ya kipimo ni ya aliyepimwa. Daktari anayempa mwajiri majibu hayo kwa siri anavunja sheria pamoja naye.

Vipo vipimo halali, navyo hutegemea kazi. Anayeshika chakula, kuanzia mpishi hadi anayeosha vyombo, anatakiwa awe na cheti cha afya, ambacho kwa kawaida hufanywa upya kila miezi sita. Hapo tunatafuta homa ya matumbo, minyoo na maradhi mengine yanayopitia chakulani, kwa faida ya wateja wako. Ninasikitika kusema kwamba vyeti hivi hununuliwa bila mtu kutoa hata choo cha kupimwa. Mwenye hoteli anayenunua cheti hajamdanganya afisa wa afya peke yake, amewadanganya wanaokula kwake mchana.

Na kwa mama aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na wampe mapumziko kwa ajili hiyo, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Choo si mahali pa kukamulia maziwa. Kona yenye pazia, kiti, maji na sabuni inatosha katika biashara ndogo, na jokofu dogo likiwapo ni heri zaidi.

Usingoje kujua haya yote siku ya ajali. Nenda kwa afisa wa leba wa eneo lako kuhusu mikataba, likizo na mishahara, na kwa afisa wa usalama na afya kazini kuhusu usajili, ukaguzi na majeraha. Ni maofisi mawili tofauti, na wengi huzungushwa kwa kuyachanganya. Chukua karatasi moja, andika majina ya wote wanaofanya kazi kwako, tarehe walizoanza, jinsi unavyowalipa, na kitu gani katika kazi hiyo kinaweza kuwaumiza. Mwandike na yule unayemwita kibarua. Mwandike na mpwao anayekuja wakati wa likizo ya shule, tena hakikisha umri wake, maana aliye chini ya miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria hii. Ukifika huko na karatasi hiyo mkononi, afisa atakuonyesha sheria zako kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuandika makala haya.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia maumivu ya mgongo kwa wale wanaoketi kutwa.